Hodi Tatu za Dunguni

Wenzangu mnaobaki kazini, mmeniomba niandike, tena mmenipa daftari jipya lenye kurasa nyingi kana kwamba mimi ni karani. Halitajaa. Nimechoka, na magoti yamechoka kunishinda mimi. Nitaandika kuhusu kituo kimoja tu, kile changu cha kwanza, ambacho wengi wenu hamkukiona kwa sababu kilibomolewa kabla hamjaajiriwa. Habari za vyeo na mishahara mtazikuta kwenye faili langu, kama panya hawajawatangulia.

Nilikuja Dar es Salaam kutoka Tabora mwanzoni mwa miaka ya hamsini, kijana wa miaka ishirini na kitu, nikaajiriwa kuwa mtunza kituo. Msidhani ni jengo. Lilikuwa jukwaa la mbao lililosimamishwa juu ya nguzo za reli chakavu, nyuma ya nyumba za Gerezani, si mbali na Kariakoo kwa mwenda kwa miguu. Reli pale ilipita juu ya tuta kwa sababu masika yakianza maji yalijaa bondeni, kwa hiyo na kituo nacho ilibidi kiifuate huko juu. Ngazi ishirini na sita. Nimezipanda na kuzishuka mpaka nikiota hata leo huwa naota ngazi. Kwenye karatasi za ofisi kituo kilikuwa na namba tu, lakini watu wa mtaani walikiita Dungu, kwa kuwa kilifanana na lile dungu la shambani anakokaa mtu kufukuza nguruwe. Magari ya moshi manne ya wafanyakazi yalisimama pale kila siku, mawili asubuhi yakielekea bandarini, mawili jioni yakirudi.

Aliyekabidhiwa kunifundisha ni Mzee Pazi, Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, kofia ya kazi imemshuka hadi masikioni. Siku ya kwanza nilidhani ataanza na bendera. Alisimama chini ya ngazi, akakohoa, akapaza sauti.

"Hodi!"

Nikaangaza huku na huku nione mlango. Hapakuwa na mlango, palikuwa na ngazi tu. Akaita tena, "Hodi jamani!" Sauti ya mwanamke ikatoka nyuma ya ua wa makuti: "Ngoja kidogo, Mzee Pazi, kuna mtu anaoga!" Tukangoja. Nikasikia ndoo ikiburutwa, mlango wa bati ukifungwa, watu wakicheka. Kisha ile sauti ikasema, "Haya, karibuni juu." Ndipo tukapanda.

Tulipofika juu nikaelewa. Nyumba zote za pale zilikuwa zile zetu za vyumba sita, ukumbi katikati na uani nyuma. Uani ndipo wanawake wanapopika, wanapofua, wanaposukana nywele wakiwa na kanga moja. Bafu lina kuta nne, paa hakuna. Aliyejenga nyumba hizo hakuwahi kufikiria kwamba siku moja mtu atasimama angani na kuuza tiketi. Kutoka pale jukwaani ungeweza kuhesabu chumvi inayotiwa kwenye mboga ya mtu.

Mzee Pazi alinieleza sheria yake akiwa ameupa mtaa mgongo. Unapiga hodi kabla ya kufungua kituo. Ikiitikiwa, watu wameshajisitiri, fungua kituo chako kwa amani. Isipoitikiwa, piga ya pili, piga ya tatu. Hodi ya tatu ikikosa jibu, mtu mwenye adabu anageuka na kuondoka, popote pale, hata kama ni nyumbani kwa shangazi yake.

"Lakini Mzee," nilimwambia, "gari si litakuja hata kama hawakuitika?"

"Gari litakuja. Macho yako yasije."

Kwa siku kama hizo alikuwa na turubai. Lilikuwa turubai la behewa la mizigo ambalo alisema ameliokota, nami sikuuliza aliliokotea wapi. Alilifunga limekunjwa juu ya kizuizi cha upande wa nyumba, na hodi zikikosa jibu aliliteremsha likaziba kila kitu. Angependa lishushwe siku zote, lakini ofisi ilikataza. Gari lilitokea kwenye kona ya upande uleule, na turubai likiwa chini dereva haoni bendera mpaka mtunza kituo asimame kwenye ubao wa mwisho kabisa, kisigino kikiwa hewani. Mkaguzi mmoja alipanda pale akaandika kwamba wahudumu wa kituo hiki wana tabia ya kupiga kelele bila sababu. Mzee Pazi aliisoma barua, akaikunja, akaiweka chini ya mguu mfupi wa benchi. Benchi likaacha kuyumba.

Vifaa vyetu vilikuwa vichache. Filimbi, bendera mbili, taa ya ishara, na kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa waya ambacho tulikigonga kwa bolti gari likikaribia. Neno moja kuhusu bendera: zifueni mbalimbali na msizianike juani. Nyekundu ikipauka dereva naye anasimama kwa kusitasita, na nimeona gari likisimama nusu jukwaani nusu nje kwa sababu ya uvivu wa mtu wa kufua.

Sauti iliyotuitikia ilikuwa ya Bi Tatu. Alikuwa mjane, mwenye nyumba ile iliyo karibu kabisa na ngazi, na asubuhi alikaanga vitumbua ambavyo abiria wetu walivinunua wakipanda. Kwa kuwa alikuwa wa kwanza kuamka, aliitika kwa niaba ya nyumba zote tano za safu ile, baada ya kuwapigia kelele waliokuwa bafuni. Alikuwa Mzaramo kama Mzee Pazi. Mimi Mnyamwezi. Nyinyi mnajua Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na siku aliyojua kabila langu nilikwisha.

"Mnyamwezi wee!" aliita kutoka uani. "Umefika na mzigo wako, au umeutua njiani ulale?"

"Shikamoo Bi Tatu. Nimekuja kuchukua vitumbua vya bure."

"Marahaba. Vya bure nenda kale Tabora."

Hivyo kila asubuhi. Nilikuwa sina mama mjini hapa, na sikuona haja ya kumwambia kwamba kuitikiwa kule ndiko kulikonifanya niamke. Ningemwambia, angenicheka wiki nzima.

Kesi ngumu zilikuwepo. Kulikuwa na abiria mmoja, mtanashati, kanzu imepigwa pasi, aliyependa kuegemea kizuizi na kuinamia nyumba za watu. Mimi nilitaka kumsukuma chini. Mzee Pazi alimwendea taratibu, akaegemea pembeni yake, akauliza kwa sauti ya jukwaa zima kusikia, "Mwanangu, unamtafuta nani? Mtaje jina tukusaidie kumwita." Watu wakacheka. Yule bwana hakupandia tena kituoni kwetu, alikuwa akienda kwa miguu mpaka kituo kinachofuata hata kwenye mvua.

Mzee Pazi alistaafu baada ya miaka miwili akarudi Kisarawe kulima mihogo. Aliniachia bolti, turubai, na ile barua chini ya benchi. Nikabaki peke yangu, na nasema bila majivuno kwamba nilikuwa mwanafunzi mzuri. Nilikuwa naweza kufagia jukwaa lote bila kugeuza shingo upande wa nyumba. Mtaa uliniamini. Wanaume waliokuwa wakiondoka kwenda kazini walinipa mkono, na nilijua wanachonishukuru ni shingo yangu.

Sasa nifike kwenye siku yenyewe, maana naona naizunguka.

Masika yalikuwa yanaisha. Ardhi bado ilikuwa tope, na watu wa Jangwani walikuwa hawajarudi wote kwenye nyumba zao. Nilifika chini ya ngazi kama kawaida, nikapiga hodi. Kimya. Nikapiga ya pili. Kimya. Nilinusa, harufu ya vitumbua haikuwepo. Nikafikiri Bi Tatu amekwenda Kisarawe, kuna arusi alikuwa ameitaja. Nikapiga ya tatu, nikangoja kuliko kawaida. Hakuna aliyeitika, kwa kuwa nyumba nyingine walizoea kumwachia yeye kazi hiyo.

Nikapanda nikiwa nimetazama reli. Nikafungua kamba, nikateremsha turubai. Nataka muelewe jambo hili vizuri. Asubuhi ile walipanda watu wengi, jukwaa lilijaa, na kila mmoja wao alikuwa na macho mawili. Ni mimi niliyeyaziba.

Gari la kwanza likaja, nikalipokea kwenye ubao wa mwisho. La pili likaja. Jukwaa likabaki tupu nami nikakaa kwenye benchi, mgongo kwenye turubai. Nilisikia kitu kikigonga bati kule chini. Kiligonga mara moja, kikanyamaza, kikagonga tena baada ya muda mrefu. Nikasema ni paka, anahangaika na sufuria. Nilisema hivyo mara ya kwanza, na nilisema hivyo mara ya nne. Mara ya tano nilikuwa najua kabisa kwamba paka hagongi hivyo. Niliinuka. Nikashika ncha ya turubai. Kisha nikawaza: hujaruhusiwa. Nikawaza, vipi kama ni mwanamke anaoga na kopo linagonga? Mtu akiniona nimefunua turubai nachungulia, miaka yote ya shingo yangu imekwenda na maji. Nikaiachia ile ncha nikakaa. Baada ya muda kule kugonga kukakoma, na mimi, Mungu anisamehe, nikashukuru kwamba kumekoma.

Adhuhuri alirudi Mama Aneti, mpangaji pekee wa Bi Tatu wakati ule, mama wa Kichaga kutoka Moshi aliyeuza ndizi pale sokoni Kariakoo na alikuwa ameondoka tangu alfajiri. Nilimsikia akiingia, nikasikia ukelele. Nilishuka ngazi zile sijui kwa miguu gani. Bi Tatu alikuwa amelala ubavu kwenye tope karibu na jiko, unga wa vitumbua umemwagika, upande mmoja wa mwili umekufa. Mkono mzima ulikuwa umeshika mwiko. Karibu yake palikuwa na debe tupu.

Mama Aneti alinigeukia. Alikuwa ameshamfunika kwa kanga yake mwenyewe.

"Wewe si upo hapo juu tangu asubuhi?"

"Nipo, mama."

"Mchana kutwa upo hapo juu! Macho huna?"

"Nilipiga hodi," nilisema. "Hakuitika."

Aliinama kwenye mabega ya Bi Tatu. "Ebu shika miguu," alisema. "Tumpeleke hospitali."

Tulimpeleka kwa mkokoteni wa ndizi zake, tukikatiza Mnazi Mmoja kwenye jua lile, na njia nzima Mama Aneti hakusema nami tena. Nilikiacha kituo bila ruhusa. Magari ya jioni yalipokelewa na mtu wa zamu aliyeitwa haraka, na nilipewa barua ya onyo. Iliandikwa kwamba nimeacha kituo. Niliisoma nikaona wamekosea kosa.

Bi Tatu alipona kwa kiasi. Alirudi nyumbani baada ya wiki kadhaa, mguu mmoja haufanyi kazi, mdomo umekwenda upande, maneno yanatoka moja moja. Sikwenda kumwona. Nilipita nyuma ya nyumba nisikutane na watu, na asubuhi nilishusha turubai bila hata kupiga hodi. Ndivyo aibu ilivyo, inakufanya uzidishe lilelile kosa. Mzee Pazi ndiye aliyekuja kutoka Kisarawe kwa miguu yake mibovu, akanishika mkono kama mtoto, akanipeleka.

Bi Tatu alikuwa amekaa uani kwenye mkeka, Mama Aneti pembeni yake akimenya ndizi kwa hasira.

"Tatu," alisema Mzee Pazi, "kijana hana kosa. Mimi ndiye niliyemfundisha."

Bi Tatu hakumjali. Alinitazama mimi.

"Shikamoo, Bi Tatu," nilisema, macho chini.

"Mara... haba." Akapumzika. "Nili... kuitika."

"Nilidhani ni paka."

Hapo nilianza kulia, mtu mzima, mbele ya wanawake. Nilisema yote, hata ile ncha ya turubai niliyoishika nikaiachia. Mama Aneti aliacha kumenya. Nilisema nilijua si paka, nikaogopa watu wataniitaje. Sikuwa nimemwambia mtu yeyote jambo hilo, hata Mzee Pazi, naye niliona linavyompiga.

Bi Tatu aliniacha nimalize. Kisha akauchukua mwiko kwa mkono wake mzima, nikadhani atanipiga, na ningemshukuru. Akaligonga debe. Ngo.

"Hii ndiyo... karibu," alisema. "Piga hodi... nitagonga. Nisipogonga... tazama."

"Na watu wakisema nachungulia?"

"Waambie... nimekutuma." Mdomo wake ukavutika upande ule uliokuwa hai. "Mnyamwezi... si wa kutumwa?"

Mzee Pazi aligeuza uso akautazama ukuta wa makuti kwa muda. Kisha akasema, "Basi ndiyo sheria." Hakuwahi tena kunifundisha kitu kingine chochote.

Tangu siku hiyo kazi iliendeshwa hivyo. Ninapiga hodi, debe linagonga, watu wanajisitiri, kituo kinafunguliwa. Mtaa mzima ulizoea. Lakini niwaambie ukweli, kila asubuhi kati ya hodi yangu na lile debe, nilikuwa nakufa kidogo. Ni sekunde chache, ila miaka mingi ya sekunde chache inamzeesha mtu. Nyinyi mnaona mvi zangu mnadhani ni za uzee.

Asubuhi moja nilipiga hodi, debe halikulia. Jukwaani palikuwa na watu tayari, walikuwa wamewahi wakapanda kabla yangu. Sikupiga ya pili. Nilikimbia ngazi zote, nikaendea kizuizi, nikainama kiwiliwili chote mpaka kofia ikaanguka uani. Nyuma yangu mtu akasema, "Hee! Bwana Kituo, na wewe?"

Bi Tatu alikuwa amekaa katikati ya uani, amevaa kanga mpya, amejipaka wanja, mwiko ameuweka mapajani kama malkia. Alikuwa ananitazama moja kwa moja. Akaunyanyua mwiko hewani, akautikisa.

"Ume... chelewa!" akaniita kutoka chini.

Alikuwa amenijaribu. Alitaka kujua kama nitatazama. Abiria walicheka mpaka gari likafika, nami nilisimama pale nimeshika kizuizi, nikimtukana kimoyomoyo matusi yote ya utani ninayoyajua. Kofia yangu nililetewa na Mama Aneti, na vitumbua ndani yake. Vya bure, alisema, vimetoka kwa mwenyewe. Ndipo nikajua kwamba Mama Aneti naye amenisamehe.

Yaliyofuata ni ya kawaida. Nguzo za Dungu zililiwa na kutu, kituo kikafungwa, nikahamishiwa stesheni kubwa yenye saa na vipaza sauti, baadaye Morogoro, baadaye nikarudi. Mmefanya kazi nami huko, mnayajua. Mmenicheka pia kwamba nikisikia kitu kinagonga, hata kama ni fundi bomba, lazima niende kuangalia. Sasa mmejua kwa nini. Endeleeni kwenda kuangalia, hata mkichekwa.

Nimeruka siku moja tu, nayo ndiyo iliyonifanya nilipokee daftari lenu.

Ilikuwa kabla Dungu halijafungwa. Nilifika asubuhi nikamkuta Mama Aneti amesimama chini ya ngazi, kanga kichwani. "Leo usipige hodi, baba," aliniambia. Bi Tatu alikuwa amefariki usingizini. Hapakuwa na debe wala tope, na hapakuwa na kitu ambacho macho ya mtu yeyote yangekizuia. Mama Aneti alinieleza hayo mara mbili, alijua nayahitaji.

Mchana tulikusanyika kumzika. Mnajua mtani ana haki zake msibani. Anaweza kuzuia mlango jeneza lisitoke, anaweza kumwigiza marehemu, na wafiwa hawana ruhusa ya kukasirika. Wazaramo waliojaa pale walinitazama wakingoja kituko changu, na Mzee Pazi, aliyekuwa amekalia kiti kwa sababu miguu haikumbeba tena, akaniashiria kwa kidevu niende. Nikavaa kofia ya reli. Nikasimama mlangoni mbele ya jeneza, nikakohoa kama alivyokohoa yeye siku ya kwanza.

"Hodi!" niliita.

Watu wakacheka, na ndivyo inavyotakiwa.

"Hodi, Bi Tatu!"

Safari hii waliocheka walikuwa wachache. Uani nikasikia wanawake wakilia, na mkono wa mtu ukiligusa lile debe kisha ukaliacha. Wote wakawa wananitazama mimi, wakingoja ya tatu. Lakini hodi ya tatu ikikosa jibu, mtu anageuka na kuondoka. Nikavua kofia, nikasogea pembeni, nikawapisha wapite naye. Ya tatu sijaipiga mpaka leo.